Bafu la Mama yake Soli

Habari ya asubuhi hiyo ilihusu ukumbi mpya wa halmashauri. Gazeti liliandika kwamba dari ilidondoka siku ya ufunguzi, mgeni rasmi akiwa katikati ya kusifu ubora wa kazi. Mwenyewe hakuumia, ila hotuba haikuendelea.

Mimi ndiye muuza kahawa wa benchi la kijiwe chetu, kwa hiyo yote husemwa mbele yangu, niyatake nisiyatake. Mheshimiwa, ambaye hajawahi kushika cheo chochote ila ni dalali wa nyumba na hutembea na kalamu mbili mfukoni, alisema ndiyo matokeo ya kununua vitu rahisi. Bei Poa, muuza mitumba, akamjibu kwamba dari ile ilinunuliwa ghali kupita kiasi, ni vile tu ndani ya bei yake kulikuwa na mifuko ya watu saba. Wakavutana hapo mpaka vikombe vikapoa. Mmoja alidai cha rahisi ni takataka, mwingine akadai cha ghali ni takataka iliyopigwa rangi.

Soli peke yake hakuwa akicheka. Ni fundi viatu, kibanda chake kinatazamana na benchi letu, na ni mtu wa maneno machache kwa kuwa mara nyingi ana misumari mdomoni. Siku hiyo aliitema kiganjani akatueleza shida yake. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na wiki inayofuata angetoka hospitali kuja kukaa kwake. Sakafu ya bafu ilikuwa imepasukapasuka. Alitaka kuitengeneza kabla mama hajafika, lakini dukani kulikuwa na marumaru za kung'aa na kulikuwa na za kawaida, na bei zake zilikuwa mbingu na ardhi.

Bei Poa alimshauri asinunue yoyote. Amwage saruji, aichore mistari kwa ufagio ingali mbichi, basi, kama alivyofanya yeye. Tukacheka sana, maana bafu la Bei Poa tulilijua. Yeye na Soli wanapakana ukuta kwa ukuta. Mlango wa bafu lile ni kipande cha bati kilichoshikizwa kwa waya, na anayeoga hulazimika kuuzuia kwa mguu mmoja huku akijisugua.

Mheshimiwa akasimama.

"Mama aliyekubeba miezi tisa," alimwambia Soli taratibu, "ukamwogeshe juu ya saruji?"

Hapo mjadala ukaisha. Hata mimi nilitikisa kichwa kuunga mkono, siwezi kukana.

Soli alifunga kibanda siku mbili kumsimamia fundi. Kazi ilipokwisha tulikwenda kuangalia. Sakafu ilikuwa nyeupe kama maziwa, inang'aa hivi kwamba Mheshimiwa aliinama akarekebisha kola yake kwa kujitazama chini. Tulikuwa tumevaa viatu, na bafu lilikuwa kavu.

Mama akaja. Alisimama mlangoni mwa bafu na mkongojo wake, akagusa sakafu kwa ncha yake, na mkongojo ukateleza hadi ukutani. Aligeuka, akachukua taulo na sabuni, akaenda kuoga kwa Bei Poa. Akafanya hivyo siku nne mfululizo, mke wa Bei Poa akimshikilia lile bati kwa nje.

Soli alikonda siku hizo. Aliniambia, misumari ikiwa mkononi, kwamba mama yake ameikataa nyumba yake mbele ya majirani, na hajui amemkosea nini. Nilimwambia amuulize. Akasema anaogopa jibu.

Siku ya tano mama alikuja mwenyewe kijiweni. Tukainuka, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza ni nani alimshauri mwanawe kuhusu bafu. Mheshimiwa, ambaye hukatiza kila mtu maneno, aligundua kwamba ana kiu. Mama akatuomba sote tumfuate nyumbani.

Huko alimwaga maji ya sabuni bafuni, ndoo nzima, kisha akamgeukia Mheshimiwa.

"Tangulia, mwanangu. Bila viatu."

Mheshimiwa alipiga hatua ya kwanza kama mtu anayeingia ofisini kwake. Ya pili ilimpeleka asikotaka. Ya tatu hakuipiga yeye, ilijipiga yenyewe, na tulipomwona tena alikuwa amekaa chini amekumbatia bomba, kalamu zake mbili zikielea kuelekea kwenye tundu la maji. Bei Poa alicheka mpaka akashika ukuta, na ndipo mama alipomgeukia na yeye.

"Kwako sakafu ni nzuri," alisema. "Lakini mkeo ana mikono miwili tu, na yote imeshinda kwenye mlango wako."

Kisha akamtazama Soli, na sauti ikashuka.

"Hospitali nimeoshwa wiki tatu kama mtoto mchanga, na watu nisiowajua. Bei siijui, na wala sikuulizi. Mimi nataka kuoga mwenyewe. Hapa chini pawe panakwaruza, hata kama ni pa bure. Na ukutani niwekeeni chuma cha kushika. Hapo ndipo mmalize pesa."

Soli alikwenda kuchukua nyundo.

Marumaru zile tulizibandua siku nzima. Mheshimiwa alishika patasi huku akichechemea na kulalamika kwamba tunavunja thamani ya nyumba. Bei Poa alimwaga saruji na kuichora kwa ufagio, kwa madaha ya mchoraji. Kwa fundi wa kuchomelea, Soli alichagua bomba nene kuliko yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuomba kupunguziwa. Lilipokwisha kupachikwa, mama alituamuru wanaume watatu tuning'inie kwa pamoja. Halikutikisika. Ndipo akauliza kuhusu mlango, na Soli akaweka wa mbao wenye komeo.

Saruji ilipokauka, mama aliingia peke yake na kujifungia. Sisi tukabaki uani, watu wazima wanne, tunasikiliza maji yakimwagika. Soli alikuwa ameweka sikio kwenye mbao. Maji yakakatika kidogo, naye akashindwa kuvumilia.

"Mama, uko salama?"

"Toka mlangoni, nilianza kuoga kabla hujazaliwa," sauti ikajibu kutoka ndani. "Na hao wenzako, hawana kazi?"

Tukatawanyika, kila mmoja na njia yake.