Kengele 213 za Kizito

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Kitale.
Nafasi imefunguka! Bosi wetu, Madam Edah, ametangaza kwamba atakayemaliza kwanza orodha ya uvujaji wa kumbukumbu ya kompyuta ndiye atasimamia majaribio ya Tongaren. Vifaa vyetu hupima unyevu wa mahindi kwenye mashine ya kukausha. Ndani yake kuna kitambuzi, programu ya kunasa uvujaji, kinachopekua kiini cha mfumo. Kila kipande cha kumbukumbu kilichoazimwa lazima anwani yake ionekane mahali. Isipoonekana, kengele: kimevuja! Kengele ziko 213. Wacuka, aliyeajiriwa Agosti na tayari anapendwa na ofisi nzima, amesema nyingi ni za uongo, ila tuzichunguze moja moja. Moja moja! Kama maharagwe.

Jumanne, 4 Novemba.
Nimechunguza tatu. Ya kwanza: anwani ilikabidhiwa chipu ya redio, na kitambuzi hakiangalii huko. Uongo. Ya pili: kipande kilikuwa kimezaliwa sasa hivi, anwani bado iko mkononi mwa prosesa. Nilipopekua tena, kimya. Uongo. Ya tatu sikuielewa, lakini ilikuwa na sura ya uongo. Hitimisho la kisayansi: zote uongo. Nimeandika mistari sita ya kukiambia kitambuzi kipuuze kila kitu. Kengele sifuri! Wacuka bado ana 171. Nimemnunulia chapati kwa huruma. Madam Edah amenipa Tongaren. Mama amepiga simu kutoka Kamukuywa. Ati ameshawaambia wanakwaya wake kuhusu cheo changu.

Alhamisi, 6 Novemba. Tongaren.
Asubuhi, safi kabisa. Saa saba kifaa kikaanza kusinzia. Saa nane kikaganda. Trekta zimepanga foleni, wingu jeusi juu. Nikazima, nikawasha. Kikaamka, kikaganda tena. Mama Phelista, msimamizi wa mashine, akaniambia mbele ya watu: "Kijana, mahindi ingoje kompyuta ipone? Si uambie mvua pia ingoje, bana."
Mvua haikungoja. Mkulima mmoja, Mzee Mukhisa, ana magunia kumi na manane, mavuno yake yote. Alivua koti akafunika mawili. Nikashikilia turubai naye mpaka mikono ikafa ganzi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Nimempigia Wacuka, nikakiri. Hakucheka. Alisema tu, "Toa hiyo mistari sita. Nakuja kesho."

Ijumaa, 7 Novemba. Tongaren.
Amefika mapema, viatu vimejaa matope. Tumeketi juu ya magunia tukasoma kengele zote. Zile changa, alipekua mara mbili zikapotea zenyewe. Za redio, aliziwekea alama kila moja mahali pake, pamoja na sababu. Kufikia saa tisa imebaki moja. Ile yenye sura ya uongo.
Ni ya kweli! Mahindi yakiwa yamelowa sana, kipimo hushindwa kusoma, na programu hutoka bila kurudisha kumbukumbu iliyoazima, mpaka inaisha yote na kifaa kinaganda. Mahindi ya Tongaren yamelowa sana. Aliyeandika sehemu hiyo ni mimi. Wacuka aliona jina langu, akaanza kuandika marekebisho. Mstari mmoja tu, kifaa kimepona. Jioni mahindi ya Mzee Mukhisa yamefika unyevu wa asilimia kumi na tatu, makavu ya kutosha kuhifadhiwa. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimeona haya. Nimefurahi pia.

Jumatatu, 10 Novemba. Kitale.
Wacuka amepewa usimamizi. Haki yake, nimepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Mimi nitasoma kila kengele mpya kutoka Tongaren na kumjibu kwa maandishi. Nimebadilika. Sasa ni umakini tu.
Lakini kusoma kunachukua muda. Nimeandika programu ndogo inayojibu kwa niaba yangu: "Nimechunguza kwa makini. Ni ya uongo." Kengele ya kwanza imeingia saa tano na dakika mbili. Imejibiwa saa tano na dakika mbili. Madam Edah amepita mezani akasifu kasi yangu. Sijui kengele yenyewe ilisema nini, lakini mwaka huu unaisha vizuri.