Alama Tisini na Tano Nilizojipa Mwenyewe

Jamani, sina pa kuuweka uso. Ni leo hii asubuhi, na masikio bado yananiwaka moto.

Mimi nasoma upishi chuo cha amali hapa Wete. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Salma, hatutafunii. Kila mtu ajichagulie la kujifunza, ajifunze mwenyewe mwezi mzima, kisha ajaze karatasi na kujipa alama. Yeye hasahihishi! Mimi nikajichagulia kueleza mapishi kwa Kiingereza. Mwezi ukapita (nilijifunza kulala). Juzi nikajipa tisini na tano. Ningejipa mia, nikaona haya.

Bi Salma kaisoma, kanitazama. "Una hakika, Hamadi?"

"Wallahi, mwalimu!" (Mola anisamehe.)

"Vyema. Kesho kutwa mpishi mkuu wa hoteli anakuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa mazoezi. Utaanza wewe."

Nafasi ni moja tu! Mimi sikungoja. Nikampigia mama kule kwetu Micheweni, nikamwambia nimeshaipata. Kapiga vigelegele simuni, kisha akawatangazia wenzake wote wa shamba la mwani.

Leo mgeni kafika, tukampokea jikoni chuoni. Mzungu mrefu, mpole, Kiswahili hana hata neno. Kaniuliza swali kwa Kiingereza. Nikamjibu, kwa Kiingereza, kwamba mimi sijambo.

Hakuniuliza hali! Karudia swali, polepole. Nikamwambia sijambo sana, ahsante. Darasa zima likaangua kicheko.

Bi Salma kaninong'oneza: "Anataka umweleze unavyompika pweza."

Pweza! Mtoto wa Micheweni nishindwe na pweza? Lakini maneno yamegoma. Basi nikaona nimwonyeshe kwa vitendo. Nikachukua kitambaa kibichi cha jikoni, nikakipiga mezani, paa! paa! vile tunavyompiga pweza alainike. Mgeni kasogea atazame vizuri. Paa ya tatu ikampata usoni. Miwani ikaruka, ikatumbukia kwenye sufuria ya tui.

Lo! Hakucheka mtu.

Akasimama Mwanakhamis, aliyejipa arobaini. Huyu kila mchana hubaki stoo peke yake, akisoma maandishi ya makopo kwa sauti, nasi tukimcheka. Kiingereza chake kinachechemea, lakini kamweleza mgeni pweza mzima, toka kuoshwa hadi kutiwa tui. Mgeni kafuta miwani yake, kamchukua yeye.

Bi Salma hakunigombeza. Bora angenigombeza! Kanipa karatasi yangu na kalamu. "Jipe tena, mwanangu."

Nikaandika kumi. Kaisoma. "Haya, sasa umeanza kujifunza."

Nimetoka nje na aibu yangu, simu inalia. Mama.

"Mwanangu, unaanza lini hotelini? Wenzangu hawana raha, wananiuliza."

Nikamwambia mimi sijambo.