Wimbo wa Bibi Rozina Uko Mawinguni

Mwenye nyumba hii, mzee wetu Anatoli; bwana harusi Frednand; bibi harusi Francisca, ambaye namwona bado amesimama; wazazi wa pande zote mbili, Ngara na Biharamulo; waheshimiwa viongozi wa ngazi ya kata, kijiji, kitongoji na jikoni; wanakwaya, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kwa jina naitwa Danstan, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Muziki wa Mawinguni, na kabla sijaanza naomba mjipigie makofi kwa bahati mliyoipata ya kunisikiliza.

(Makofi. Frednand, mume wangu tangu asubuhi, hapigi. Mkono mmoja umenishika kiuno, mwingine umebeba viatu vyangu.)

Ndugu wananchi, sote tunafahamu kuwa kwa akina Francisca, kule Bisibo, Biharamulo, binti hakai chini ukweni mpaka bibi yake amwimbie wimbo wa kumkabidhi. Tunafahamu pia kuwa miguu ya Bibi Rozina imegoma kupanda basi. Changamoto hiyo, ambayo wengine wangeitatua kwa kulia, ofisi yangu iliifanyia upembuzi yakinifu, ikashirikisha wadau, ikaendesha semina elekezi yenye chai na chapati, na hatimaye ikaja na suluhisho la kidijitali: sauti ya Bibi imehifadhiwa mawinguni, yaani kwenye seva za mbali ambazo sijazifikia lakini nimeziona kwenye picha, na leo, kwa kubonyeza tu aplikesheni iliyomo ndani ya simu hii, wimbo utashuka wenyewe, bila kaseti, bila flashi, bila DJ.

(Vigelegele. DJ ananuna.)

Nabonyeza.

(Kaduara kanazunguka kwenye kioo cha simu.)

Wakati kanazunguka, niwape takwimu. Kabla sijaingia ofisini, asilimia mia moja ya wakazi wa wilaya hizi mbili hawakuwa na wimbo hata mmoja mawinguni. Asilimia hiyo tumeiboresha sana, na sasa inasomeka vizuri zaidi kwenye makablasha. Nyarubungo wataingia awamu ya pili, Nyantakara awamu ya tatu, na watakaoendelea kuuliza maswali wataingia awamu ya mwisho.

("Mheshimiwa, mtoto amesimama tangu tuingie," anasema shangazi Scolastica, aliyenileta kutoka nyumbani.)

Shangazi, hoja yako imepokelewa na inafanyiwa kazi katika ngazi husika.

(Kiti cha Frednand kipo kivulini kando ya changu, kimepambwa kitambaa cheupe, lakini amekataa kukikalia peke yake. "Mke wangu, umechoka?" ananinong'oneza. Namwambia nikisimama hivi nauona uso wake vizuri. Anacheka mpaka tai inapinda. Mungu wangu, ana vishimo mashavuni, na vyote viwili sasa ni vyangu.)

Naona simu imenikaribisha Burundi. Msishtuke, sisi wa huku Ngara tumezoea. Ukisimama upande huu wa mgomba uko Tanzania, ukihamia upande ule salio limeshavuka mpaka. Hii inathibitisha kwamba mradi wangu ni wa kimataifa. Naomba nisogee jikoni kidogo, kiutendaji.

(Anasogea. Waya wa maikrofoni unanasa kwenye sufuria ya ndizi. Mshereheshaji wetu Elick anaiwahi sufuria, kisha anauliza, "Mheshimiwa, si ungeupakua ukiwa Biharamulo mjini, ukae kabisa kwenye simu?")

Swali zuri, linaloonyesha kuwa semina hukuhudhuria. Kupakua ni mambo ya kizamani. Mradi unataka wimbo utoke mawinguni moja kwa moja mbele ya wananchi, ili wananchi waone juhudi, waone uwazi, wamwone na mratibu.

(Shangazi ameshatoa kitochi chake, kile kisimu cha batani, na kumpigia Bibi. "Shikamoo mama. Huku mambo magumu. Mwimbie mjukuu wako kabla hajaanguka." Anampokonya Mheshimiwa maikrofoni kwa heshima zote na kuibandika kwenye kitochi. Bibi Rozina anatoka kwenye spika akiwa na mikwaruzo, na kuku wake nyuma. Anaimba kwa Kisubi, lugha ya kwetu: ninyi mnaompokea, amezoea kuota jua la asubuhi, msimwekee kiti kivulini. Kisubi Frednand anakielewa nusu, lakini analia chote. Anakisogeza kiti changu juani, kisha chake. Tunakaa kwa pamoja.

"Francisca, umekaa?"

"Nimekaa, bibi."

"Haya. Na yule bwana wa mawinguni mwambie bado namngoja aje kunirekodi. Chai yake imepoa."

Watu wanageuka kumtazama Mheshimiwa. Anarekebisha koti.)

Naam, ndugu wananchi, kama mlivyojionea, uzinduzi umefana. Sasa nikisema muziki, mwitikie mawinguni. Muziki!

("Kitochi!")

Muziki!

("Kitochi!")

Nashukuru kwa mwitikio wenu mzuri. Namshukuru mzee Anatoli kwa chakula ambacho naamini kinakuja. Namshukuru Bibi Rozina kwa kuimba bila kuisubiri aplikesheni, ambayo itatengenezwa mara tu atakapopatikana mtu anayejua kuitengeneza. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi nyote kwa uvumilivu mkubwa mliouonyesha mkikatazama kale kaduara, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokamilika.

(Makofi marefu. Sisi wawili tunapiga tukiwa tumekaa.)