Cheti cha Kisima cha Dorkasi

Sylvesta hakuwa mtaalamu wa maji, lakini alikuwa na koti jeupe na muhuri, na hapa Karatu vitu hivyo viwili vinamtosha mtu kuanza kazi. Aliposikia kwamba Abbasi, mfanyabiashara wa mjini, anatafuta kiwanja chenye kisima ajenge kambi ya watalii, alimkumbuka Dorkasi wa Ganako. Dorkasi alikuwa mjane, na kilichomlisha yeye na wajukuu wake ni kuuza maji ya kisima kilichokuwa kando ya njia ya kwenda mnada wa ng'ombe. Kisima hakikuwa kinauzwa. Sylvesta aliliona hilo kuwa jambo dogo.

Akafika na mashine yake: betri ya pikipiki, nyaya mbili na misumari miwili. Alianza na glasi ya maji ya mvua, yakabaki safi. Alipohamia kwenye maji ya kisima, yakageuka rangi ya udongo na povu la kahawia likapanda juu. Kwa faida ya wasomaji wenye visima, msumari wowote ukitiwa umeme ndani ya maji ya kisima hutoa kutu, hata kama kisima kimebarikiwa na askofu. Sylvesta alisahau kulieleza hilo.

"Mama, hii ni sumu," alisema kwa huzuni. "Chumvichumvi imezidi. Serikali ikijua, kisima kinafungwa. Bora uniuzie mimi, nihangaike nacho mwenyewe."

Bei aliyotaja ilikuwa robo ya ile aliyopatana na Abbasi.

Dorkasi aliyatazama maji aliyoyanywa miaka hamsini. Kisha akauliza kama mtaalamu anaweza kumwandikia cheti.

"Andika na magadi, mwanangu," alisema. "Kwa herufi kubwa. Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha."

Sylvesta akaandika MAGADI MENGI SANA, akagonga muhuri mara tatu kwa moyo mkunjufu. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji wakaandikiana: sehemu ya bei ilipwe sasa, iliyobaki ilipwe siku ya mnada ujao kabla jua halijazama, na mnunuzi akishindwa, alichotoa hakirudi. Sharti la mwisho alilitaka Dorkasi, kwa sauti ya unyonge hata Sylvesta akamwonea huruma ya kweli. Akauza pikipiki yake, akalipa.

Asubuhi ya mnada alimpeleka Abbasi kuiona mali. Hawakuweza kulifikia lango la kisima. Ng'ombe walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani, na cheti chenye mihuri mitatu kilikuwa kimepigiliwa misumari langoni.

Kwa miaka mingi wafugaji waliotembeza ng'ombe kutoka Piyaya walimuuliza Dorkasi kama maji yake yana chumvi. Ng'ombe akipata maji ya magadi hunywa mpaka tumbo linajaa, na mnadani tumbo lina bei yake. Dorkasi alikuwa akijibu kwamba hajui, nao wakipita zao. Sasa alikuwa na jibu la kitaalamu.

Abbasi alikisoma cheti mara mbili. "Sylvesta, hili si jina lako?"

Sylvesta akamvuta kando, akamnong'oneza kwamba cheti kile ni uongo mtupu. Bahati mbaya Kisioki, mfugaji mrefu aliyeegemea fimbo yake hatua mbili tu kutoka hapo, alikuwa na masikio mazima.

"Mtaalamu, cheti ni cha uongo?" aliuliza taratibu. "Sisi tumemlipa yeyo, mama huyu, kwa ajili ya hayo magadi."

Wenzake wakageuka, kila mmoja na fimbo yake. Sylvesta akakumbuka kwamba hana tena pikipiki.

"Ni cha kweli," alisema. "Nilipima mwenyewe."

Abbasi akasema wageni wake hawawezi kuogeshwa magadi, akapanda gari akaondoka. Sylvesta alizunguka mjini mchana kutwa akitafuta wa kumkopesha, asimpate. Jua lilipozama alikuwa amerudi palepale langoni, koti jeupe limejaa vumbi la ng'ombe.

Dorkasi akamletea kikombe cha maji, bure.

"Mnada ujao urudi upime tena, mwanangu," alisema. "Mvua itafuta huo muhuri."

Sylvesta akanywa. Yalikuwa matamu, hayana ladha ya chumvi hata kidogo.