Monita kwa Dume la Ng'ombe

Elihuruma alikuwa na shida mbili. Ndogo ilikuwa monita ya gemu iliyokaa dukani kwake Kijenge mpaka ikazoeana na vumbi. Kubwa ilikuwa kipaimara cha binti yake, siku ya Jumapili. Mbele ya ukoo mzima wa mkewe alikuwa ameahidi ng'ombe, tena bila kuulizwa na mtu.

Kwa hiyo alipoingia Lerionka, mfugaji wa Kisongo aliyefungua chumba cha gemu jirani na zizi lake, Elihuruma aliona pembe kabla hajaona mtu.

"Vijana wanalalamika gari la kwenye gemu linakatakata kwenye kona," alisema Lerionka. "Wanahamia chumba cha gemu cha Lemomo."

"Kosa ni monita, kaka. Yako inaonyesha picha sitini kwa sekunde. Hii ni hezi mia mbili na arobaini, yaani picha mia mbili na arobaini kwa sekunde hiyohiyo. Jicho lenyewe litaomba kupumzika."

"Na kadi yangu ya picha itaiweza? Ni ile kuukuu uliyoniuzia wewe."

Swali zuri. Kadi ndiyo huchora picha. Monita huzionyesha tu. Kadi ile, hata ikiombewa, haikuvuka picha hamsini kwa sekunde. Kuifungia monita ile ni kupanga viti mia mbili na arobaini kwa wageni hamsini. Muuzaji mwadilifu angemwambia abaki na monita yake, abadili kadi. Lakini muuzaji mwadilifu hakuwa ameahidi ng'ombe.

"Kadi ikiona monita kubwa inajituma," alisema Elihuruma bila kupepesa.

Lerionka akakuna kidevu. "Fedha sina. Nina dume la ng'ombe."

"Ng'ombe tena," akasema Elihuruma kama mtu anayeonewa. "Haya, tutamtazama."

Jumamosi asubuhi akamtazama. Ng'ombe alikuwa na tumbo kama tangi la maji. Elihuruma alimpiga picha, akamtumia mkewe Theresia, akakabidhi monita. Wakapeana mikono upesi, wote wawili wakiwa na haraka, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye dhamiri safi.

Gari la kumbeba lilikuwepo, lakini Elihuruma alitaka mjini wamwone. Akamswaga kwa miguu.

Karibu na uwanja wa ndege ng'ombe alisimama, akakojoa. Elihuruma alisubiri kwa heshima. Mbele kidogo akakojoa tena, kwa muda mrefu na bila aibu. Walipofika Sokon I, mnyama alikuwa mbavu na pembe. Muuza nyama mmoja alilazimika kuweka kisu chini ili acheke.

"Wamemlambisha chumvi usiku kucha, kisha wakamnywesha," alisema. "Mnadani hata watoto wanajua. Ndiyo maana tunanunua jioni."

Elihuruma akapiga simu. "Lerionka, ng'ombe wako ameisha njiani."

"Mpe majani, kaka. Kufikia Krismasi atakuwa amerudi."

"Na monita yangu?"

"Nzuri sana. Vijana wote wamerudi kutoka kwa Lemomo. Gari bado linakatakata, ila sasa wanaliona vizuri."

Jumapili ukoo ulifika wote, na waliosikia kwa majirani pia. Theresia, aliyekwisha kuwaonyesha watu wote ile picha, alipakua bila kumtazama mumewe. Makabichi yalikuwa mengi. Mchungaji alisimama kukiombea chakula, akachungulia sufuria ya nyama, akaamua sala fupi ingetosha.