Mashine Isiyoguswa ya Idara ya Usafi

Ieleweke wazi kwamba katika bonde zima la Fergana hakuna aliyekausha mikono ya wakubwa wengi kuliko mimi, Hosiyat. Wakuu saba wa Idara ya Usafi ya Wilaya wamepita mbele ya taulo langu. Sawa, sita. Mmoja alikuwa fundi bomba aliyevaa tai.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa choo na taulo la pamba begani. Watu arobaini, taulo moja, asubuhi mpaka jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa najifutia kwenye gauni.

Ndipo mkuu wetu wa sasa, Sotvoldi-aka (kwetu kaka wa kuheshimiwa huitwa aka, na dada opa), akapanda juu ya kiti uani na kututangazia kwamba enzi ya taulo imekwisha. Imeletwa mashine ya karatasi. Huigusi. Unaipungia mkono tu, nayo inakutolea kipande, na uchafu wako unabaki kuwa mali yako binafsi. Tukapiga makofi sana. Kisha kila aliyenawa akawa anatoka kwa kushika kitasa kilekile cha mlango, kwa kuwa vitasa viko chini ya idara nyingine.

Faida za mashine hiyo sizikatai. Hasara zilikuwa ndogondogo. Ilikula betri nne nene. Nzi akipita anapewa karatasi. Mkuu wa kitengo akisimama dakika tano hapewi. Tena kwetu mtu hakung'uti mikono yenye maji, hata mtoto anajua ni kukosa adabu. Sasa utaipungiaje mashine bila kurusha matone? Ikaundwa Kamati ya Upungaji. Ikakaa siku kumi na moja, ikala wali wa palovi mara nne, ikatoa mwongozo: mkono uinuliwe polepole, kama wa mtu anayemuaga mgeni asiyemtaka arudi.

Mzee Ergash wa masjala aliufuata mwongozo huo mpaka saa ya chakula ikafika, maji yakimtiririka viwikoni. Nikamuuliza kama mashine imemjibu.

“Bado,” akasema. “Inanifikiria.”

Nikamtolea taulo chini ya aproni. Akajifuta huku akitazama pembeni, kama anayepokea hongo. Kesho yake wakaja wawili, keshokutwa kumi na mmoja.

Mkuu akapata habari. Akaniita, akanieleza kwa upole kwamba taulo langu ni hujuma dhidi ya maendeleo. Barua ya kufuta nafasi yangu ilikuwa imeshachapwa. Daktari Muqaddas, mkaguzi kutoka mji mkuu, Tashkent, angefika Alhamisi. Akiridhika kwamba mashine inafanya kazi, anatia sahihi, nami naenda nyumbani kufuga kuku. Nina miaka sitini na nane, na kuku hawanipendi.

Ili mashine isichakae kabla ya kukaguliwa, Jumatatu asubuhi Mkuu akaamuru choo kifungwe. Kufuli jipya, ufunguo mmoja. Nikakabidhiwa mimi, kwa maandishi na muhuri, maana hakuna mwingine aliyetaka kuwajibika. Tangu hapo Idara nzima ya Usafi ikawa inavuka barabara kwenda kujisaidia kwenye nyumba ya chai.

Alhamisi meza ikatandikwa. Daktari Muqaddas, mama mwembamba asiyecheka ovyo, akasema tuanze na chai, choo kitafuata. Mkuu, kama mwenyeji, akauchukua mkate, akaumega kwa mikono yake mwenyewe kama ilivyo desturi, akamgawia kila mtu kipande. Barua yangu ilikuwa pale karibu na sukari. Daktari alikuwa ameshatafuna tonge la kwanza na kufungua kalamu alipouliza mashine inaendeleaje.

“Daktari, mimi nimetoka huko sasa hivi,” Mkuu akasema. “Nimenawa, nimeipungia mara moja tu, karatasi hiyo. Hebu ona.” Akaonyesha viganja, mbele na nyuma. “Muulize Hosiyat-opa, hakuna kinachompita.”

Nikamalizia kumimina chai.

“Mashine ni nzuri, Daktari,” nikasema. “Tangu Jumatatu haijaguswa hata na macho. Ila, Sotvoldi-aka, mwenzetu uliingilia wapi?”

Nikautoa ufunguo kwenye aproni, nikauweka kando ya mkate, na juu yake ile hati ya kukabidhiwa yenye muhuri wake.

Kutafuna kukakoma meza nzima. Kwetu mkate hautupwi wala hautemwi, kwa hiyo kila mtu akabaki ameshikilia kipande chake, akiitazama mikono iliyokimega. Mzee Ergash alifumba macho, akameza.

Daktari akaifunika kalamu yake. Akanigeukia, akaniuliza kama lile taulo bado lipo. Nikampa. Akajifuta vidole kimoja kimoja, bila haraka.

“Aka,” akasema, “kwani mara ya mwisho umenawa lini?”

Mkuu akatazama ufunguo, akatazama muhuri wake.

“Jumatatu,” akasema. “Kabla hatujafunga.”