Uhuru Ndani ya Kabati la Viatu

Jumamosi, 22 Machi. Irving.

Nimetolewa kwenye grupu! Mimi, Mwadini, ambaye wiki iliyopita tu nilichaguliwa kupika biriani ya Idd ya Waswahili wote wa Dallas na viunga vyake. Miaka yote biriani hupikwa na shemeji yangu Mansour, kaka yake mke wangu. Mwaka huu wamenipa mimi. Na huyo Mansour ndiye admini wa grupu. Kazi kwako kujumlisha.

Kosa langu: nimeandika insha kuhusu uhuru wa mtandao. Sehemu nne. Bahati mbaya imeangukia chini ya tanzia ya bibi yake mwenzetu Zaki. Watu wako kwenye Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mimi naingia na "Ndugu zangu, amkeni, mmelala mno!" Wallahi tanzia sikuiona. Nilikuwa nahamisha maandishi kutoka kwenye kompyuta. Mansour akasema nimevuka mpaka, akanitoa kabla ya sehemu ya tatu, ambayo ndiyo tamu.

Biriani bado yangu, mke wangu Badria amethibitisha. Amesema nimwombe radhi Zaki, halafu nimwombe na kaka yake, yataisha. Zaki nimempigia, tumeelewana. Mansour? Thubutu!

Jumapili, 23 Machi

Nimefikiri sana nikiendesha basi la uwanja wa ndege. Nimepitiliza kituo, abiria wamelalamika. Lakini nimeng'amua jambo. Adui si Mansour peke yake. Adui ni kampuni kubwa iliyompa Mansour kitufe. Sisi sote tunapiga soga kwenye sebule ya mtu. Akichoka, anazima taa.

Zamani haikuwa hivi! Mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi Houston, Waswahili tulikuwa na orodha yetu ya barua pepe. Modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hakuna kampuni, hakuna kitufe. Mtu anatukanwa kwa jina lake na la babu yake, na kesho yake anajibu kwa kurasa tatu, na salamu juu. Huo ndio ulikuwa ustaarabu. (Kule nako nilitolewa, lakini hayo ni mengine.)

Mpango: nitajenga baraza langu mwenyewe la mtandaoni. Programu huru, ambayo yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuikagua na kuinakili. Seva yangu, nyumbani kwangu. Tuone nani atanitoa.

Jumanne, 25 Machi

Baraza Huru limezaliwa! Seva ni ile kompyuta kuukuu ya Badria. Nimeiweka kwenye kabati la viatu, maana ndiko waya wa intaneti unakofika. Inapata joto kidogo. Badria anasema viatu vyake vya hospitali vinatoka vya moto kama maandazi. Nimemwambia uhuru una gharama. Amesema basi uhuru uhamie kwenye nguo zangu.

Wanachama hadi sasa: mimi, Badria (kwa kulazimishwa) na Siméon, jirani yetu Mkongomani wa ghorofa ya chini. Siméon anafanya kazi kwenye ghala Grand Prairie na Jumapili anaimba kwaya. Amesoma kanuni zote, hata zile nilizozisahau. Akauliza: "Ndugu Mwadini, iko bien sana. Na mimi naweza kutia nyimbo za chorale?" Nikasema tia chochote, hapa hakifutwi kitu. Akatia kwaya nzima, na mazoezi yao.

Kanuni ya Kwanza nimeiandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA ANAYEFUTA. Nimeisoma kwa sauti. Imenitoa machozi.

Alhamisi, 27 Machi

Wanachama wanamiminika! Siri ni ndogo. Msikitini wakati wa kufuturu nimetangaza kwamba nani atapata mnofu na nani atapata mfupa siku ya Idd itapangwa Barazani. Watu wakaingia na tende bado mdomoni.

Matatizo madogo yapo. Yumna, mke wa Zaki, ameuliza kama mtu ambaye hajawahi kupikia watu zaidi ya wa mezani kwake anaweza kuivisha sufuria zima. Nikaufuta ujumbe wake. Huo si udhibiti, ni usafi. Mwingine akauliza Kanuni ya Kwanza imekwenda wapi siku hizi. Nikafuta swali. Kisha nikaifuta na kanuni yenyewe, kwa kuwa inawachanganya watu.

Leo pia nimeikomboa simu yangu. Nimeng'oa programu zote za makampuni na kuweka mfumo huru. Sasa ni simu huru kabisa. Hailii. Nimejipigia kwa simu ya Siméon, kimya. Utulivu ulioje!

Ila Siméon amenisikitisha. Amenakili Baraza langu lote na kulifungulia kwaya yake. Nikamwambia huo ni wizi. Akanikumbusha, kwa upole unaoudhi, kwamba mimi mwenyewe niliandika kunakili ni ruksa. Kwaya yake wamejaa tele kule, kuliko sisi. Anasema hafuti mtu. Nimeumia, sikatai.

Jumamosi, 29 Machi

Mwezi umetangazwa! Kesho Idd. Chakula ni mchana, bustanini Grand Prairie, pale kwenye mapaa ya kujikinga jua kando ya ziwa. Nyama imelala kwenye mtindi na papai bichi. Vitunguu nimekaanga mpaka king'ora cha moshi kikalia na mwenye nyumba akabisha hodi. Sufuria nimeazima, mtoto anaweza kuogelea ndani. Badria ana zamu hospitali usiku kucha na atapitiliza huko huko.

Hapa najiandikia mwenyewe, basi niseme kweli: naitaka sana siku hii. Miaka yote nimekula biriani ya Mansour na kusema mashallah. Kesho nataka mtu mmoja tu achote yangu mara ya pili, na Mansour amwone akichota.

Magharibi, nikiwa nafuturu, kumbe Mansour kaingia Barazani! Ujumbe mrefu. Unaanza: "Assalam aleikum. Shemeji, mwaka huu biriani yako tutaila kwa moyo wa subira..." Sikusoma zaidi. Nikafuta kabla uji haujapoa. Mwili mzima ukanisisimka. Kumbe ndivyo anavyojisikia admini! Sasa namwelewa Mansour, ingawa simsamehe.

Jumapili, 30 Machi. Idd.

Mvua. Si manyunyu, mvua ya Texas, ya kutafuta mtu. Nilisali msikiti wa jirani, nikarudi mbio kwenye sufuria. Siméon akaja kunisaidia kubeba, maana nilimwalika. Tukafika bustanini mapema, tukatandika mikeka chini ya paa. Hakuna mtu. Nikasema Waswahili bwana, watakuja. Tukangoja. Hakuna mtu.

Ndipo nikaelewa. Wamenigomea! Mansour kawapanga! Nikasimama nikatoa hotuba kuhusu uhuru wa kusema. Mabata wa ziwani walisikiliza mpaka walipoona sina mkate. Kisha nikalia, kidogo tu. Sufuria zima, harufu ya zafarani imejaa bustani, na hakuna wa kumwambia bismillah.

Siméon hakunicheka. Alinishika bega, akauliza kama anaweza kuita watu wake, wanakaa karibu, "chakula ya Mungu haiwezi kutupwa hivi." Nikasema ita.

Wakaja kwaya nzima, na watoto, na shangazi zao. Cécile, anayeongoza sauti za juu, alichota, akachota tena, akaomba na ukoko. Alisema ni tamu sana, ila pilipili iko wapi? Halafu wakaimba. Sufuria likabaki linang'aa. Nilishukuru kwa dhati. Lakini hakuna mtu wangu hata mmoja aliyeonja punje.

Jumatatu, 31 Machi

Badria haongei nami isipokuwa kwa kufoka. Nimeokota habari vipande vipande. Kwa sababu ya mvua iliyotabiriwa, chakula kilihamishiwa ukumbini, Carrollton. Wote walikuwa huko na kanzu zao mpya, wananingoja mimi na sufuria mpaka alasiri. Badria alinipigia mpaka betri ikamwishia. Simu yangu, kwa kuwa iko huru, haikujali. Mwishowe Mansour akaagiza piza. Piza, siku ya Idd! Watoto wamesema haijawahi kutokea Idd nzuri kama hii.

Nikauliza kwa ukali mbona hakuna aliyenijulisha. Badria akanisogezea simu yake. Mansour alikuwa ameupiga picha ule ujumbe wake kabla haujatoweka, akamtumia. Sentensi ya kwanza ni ile ya subira. Ya pili: "Utani tu, shemeji, tunaisubiri kwa hamu." Ya tatu: mvua, Carrollton, anwani kamili ya ukumbi na mahali pa kuegesha gari.

Badria akaniuliza nimejifunza nini. Nimetafakari kwa moyo safi. Nimejifunza kwamba Mansour hajui kupanga sentensi. Mtu mstaarabu huanza na anwani.

Alhamisi, 3 Aprili

Mambo yamegeuka! Cécile anafanya kazi na Yumna kwenye nyumba ya wazee. Amemwambia hajapata kula wali wa namna ile tangu azaliwe. Yumna kawaambia wote. Sasa, anasema Badria (amenuna nusu tu), wanafikiria kunipa tena biriani, ya Idd ya kuchinja. Jibu wataniletea Barazani, kwa heshima yangu na kwa sababu simu yangu hailii. Mimi nijibu kukubali kabla ya swala ya Ijumaa kesho. Nikikaa kimya, anapika Mansour.

Nimeketi mbele ya kabati la viatu, nimeacha mlango wazi. Wakati nikingoja nimeweka kanuni mpya, ili yaliyotokea yasijirudie: kila ujumbe uanze na anwani. Usioanza na anwani unafutwa, bila kujali mwandishi ni nani.

Ijumaa, 4 Aprili

Asubuhi kulikuwa na ujumbe mmoja tu. Wa Mansour. Unaanza: "Shemeji, kuhusu ile biriani yako..." Hakuna anwani. Halafu uchokozi ulinukia tangu neno la kwanza. Nimeufuta papo hapo.

Swala ya Ijumaa imekwisha na jibu la biriani halijafika. Wanafiki hawa! Nimeanza insha mpya, kuhusu watu wanaoahidi kuandika na hawaandiki. Sehemu sita. Zaki, ambaye sasa naye ni admini, amenirudisha kwenye grupu, kwa hiyo nitaibandika huko kwa kompyuta.